Tumbo la Mfalme

Kwenye kikundi kile cha maigizo hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Fundi, basi. Mwanamke mfupi, mshonaji wa mavazi, mwenye pini tatu nne midomoni asubuhi mpaka jioni, na wenzake walisema ndiyo maana maneno yake yalichoma. Mkasi wake haukuguswa na mtu. Kiongozi wa kikundi aliwahi kuukatia karatasi ya tangazo, akapewa zake mbele ya kadamnasi.

Rafiki yake alikuwa Mfalme. Huyu naye jina lake lilishapotea, maana kila mchezo wenye mfalme alipewa yeye. Alikuwa na mwili bwana: mabega, kifua, na tumbo lililoingia jukwaani kabla ya mwenyewe. Kwa miaka kumi na mitano wawili hao waligombana, wakanuniana, wakapatana, wakaliwazana kwenye misiba. Watu walidhani kuna jambo kati yao.

"Na huyu?" Fundi angesema. "Nimempima kiuno mara mia, sijaona cha ajabu."

Kisha kiuno kikaanza kupungua. Mara ya kwanza Fundi alimtania kwamba amepata mpishi mbaya. Mara ya tatu hakutania. Aliuzungusha utepe, akatazama namba, akainua macho.

"Nimepimwa," Mfalme alisema taratibu. "Ninao."

Haikuhitaji maelezo. Walikwishazika mpiga ngoma na wasichana wawili wa kikundi, na kila mara tangazo la msiba lilisema malaria. Dawa za kumrudisha mtu zilikuwa bado hazijafika huko. Kilichofika upesi ni woga. Wiki haikuisha, kikombe cha Mfalme kikapigwa alama ya rangi nyekundu na kutengwa kwenye rafu yake. Fundi alipokiona alikichukua, akajimiminia chai, akainywa yote huku akimkodolea macho kiongozi. Hasira ile hakuwahi kuijutia.

Mfalme alitaka mambo mawili tu: aigize mpaka miguu imkatae, na mama yake aje amwone kabla hajafa. La kwanza lilikuwa mikononi mwa Fundi. Alichana godoro kuukuu, akakata sponji, akaishona ndani ya bitana ya joho la kifalme: mabegani, kifuani, tumboni. Kila wiki mwili ulipungua, kila wiki sponji iliongezwa. Kutoka viti vya mbele usingejua. Kiongozi mwenyewe alijidanganya kwamba jamaa amepata nafuu, akamwacha jukwaani.

La pili lilikuwa gumu. Mama aliishi na dada mkubwa wa Mfalme, safari ya siku nzima kwa basi, na hakujua kusoma. "Nikiandika, barua atasomewa na jirani," Mfalme alisema. "Mama yangu asisikie habari hii kwa mdomo wa jirani." Kwa hiyo akamwita dada yake aje kutazama mchezo. Ukiisha angemwita chumba cha mavazi, avue joho, dada aone mwenyewe, akamlete mama.

Fundi aliujua mpango huo vizuri. Kila asubuhi alipita chumbani kwa Mfalme, akambadilishia mashuka, akamsafisha vidonda vya mdomoni kwa kitambaa na maji ya chumvi, akamlisha uji kijiko kwa kijiko akimtukana kwa upendo. Aliujua mpango, na bado Jumapili ile mchana, walipobaki wawili mbele ya kioo, alizidisha sponji.

"Leo tumbo kubwa," Mfalme alisema.

"Ndugu yako yuko ukumbini. Sitaki akuone jukwaani unapepea kama shuka kwenye kamba. Akishakuja huku nyuma utamweleza."

Mfalme alijitazama kwenye kioo. Alijiona yule wa zamani, na angeweza kusema hapana. Alitabasamu.

Aliigiza vizuri mno siku hiyo. Pazia liliposhuka Fundi alimvua joho nusu, akamkalisha kwenye kiti akiwa mbavu nje, macho mlangoni. Mlango ulipofunguliwa, aliyeingia alikuwa mkata tiketi aliyetumwa kumwita dada, peke yake.

"Dada yako amekimbilia basi," alisema. "Amefurahi huyo! Anasema huko kwao mama alisikia maneno maneno kwamba unaumwa. Sasa anawahi kumtoa wasiwasi, amwambie amekuona kwa macho yake, umenenepa."

Fundi alikimbia mpaka stendi, pini zikiwa bado midomoni. Basi lilikuwa limekwenda. Siku mbili baadaye alipiga simu kwenye duka la karibu na kwao, dada akaitwa. Fundi alilia, akaeleza yote. Dada alicheka. "Nyie waigizaji! Juzi tu nimemwona na tumbo lake." Akakata simu.

Mfalme hakurudi jukwaani tena. Alilala siku kumi na tisa, na Fundi akalala sakafuni kando yake; hakuweza kumwacha akamfuate mama, maana hakuna mwingine aliyekubali kumgusa. Kila hatua za mtu zikisikika nje, Mfalme aligeuza shingo. Hakumlaumu Fundi hata mara moja, na hilo ndilo lililomtesa Fundi kuliko lawama. Siku ya ishirini shingo haikugeuka.

Mama alifika kwa taarifa ya msiba. Baada ya maziko aliomba aonyeshwe mahali mwanawe alipofanya kazi. Fundi alimpeleka chumba cha mavazi. Joho lilikuwa limetundikwa, nono, limejaa mtu.

Mama alilishika tumbo, akalibonyeza. "Binti yangu aliniambia amenenepa."

"Tumbo hilo nililishona mimi, mama." Fundi alipiga magoti. "Nilitaka asidharaulike. Mimi ndiye niliyekuzuia usimwone. Nisamehe."

Mama hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alivuta kiti akakaa. "Toa hivyo ulivyotia," alisema. "Vyote."

Fundi alichukua mkasi. Alifumua mabega, akafumua kifua, akafumua tumbo, na sponji zikaanguka sakafuni moja moja. Kisha akarudishia mishono kwenye kipimo cha mwisho alichompima Mfalme akiwa kitandani, akampa mama joho.

Mama alilikumbatia. Mikono yake ilizunguka kiuno, ikapitana, ikaendelea mpaka kila kiganja kikashika kiwiko cha mkono wa pili. Alikaa hivyo, macho amefumba.

"Kumbe alikuwa hivi," alisema.

"Ndiyo, mama," Fundi alijibu. "Alikuwa hivyo."