Siku Nilipomtafsiria Mtegua Mabomu

Kazi yangu hapa Brussels ni ukalimani. Mara nyingi huitwa hospitalini, au kwenye ofisi za manispaa kule Molenbeek, kumtafsiria mama wa Kivu, mashariki mwa Kongo, anayeelezwa habari za kisukari, au mzee aliyepoteza kitambulisho. Nakaa kati ya watu wawili, napokea maneno ya huyu nampa yule, kisha naenda zangu. Miaka yote hiyo kazi haikuwahi kunikosesha usingizi.

Ile ya mwezi wa tatu ilinikosesha. Niliamka mapema mno, nikapiga pasi blauzi ileile mara mbili, nikashuka kituo cha Schuman saa nzima kabla ya wakati. Shirika dogo lilikuwa limemleta mwanamke kutoka Kivu, kiongozi wa kikundi kinachotegua mabomu yaliyofukiwa ardhini wakati wa vita, aje kuzungumza na wafadhili kwa sababu fedha za kazi yao zilikuwa zinakaribia kwisha. Shirika halikujua, na mimi sikusema, kwamba kijiji kilichotajwa kwenye maombi yao ndiko nilikozaliwa. Lile shamba la mlimani lililopakwa rangi nyekundu kwenye ramani yao, baba yangu alilima mihogo humo mpaka siku tulipokimbia.

Mgeni wangu alikuwa mfupi, amevaa koti la kuazima lililompita magoti. Tulipofika kwenye bustani iliyo njiani kuelekea kikaoni, yeye alikata moja kwa moja juu ya majani. Mimi nikazunguka kwa njia ya lami.

"Dada, juu ya nini unazunguka?"

"Nimezoea tu."

Alinitazama miguu, kisha uso. "Uko wa wapi, kabisa kabisa?"

Nikamtajia kijiji. Alisimama palepale kwenye majani. "Bon," akasema. "Basi unajua majani ya kule." Hakuuliza zaidi, na alitoka akaja kutembea nami kwenye lami.

Kwenye chumba cha kikao walikuwemo wafadhili watano. Aliyeongoza kikao alikuwa bwana mpole mwenye miwani, na alianza kwa swali ambalo nadhani huwauliza wote.

"Mwaka jana mlitoa mabomu mangapi?"

"Mbili," alijibu mgeni wangu.

"Mawili tu? Kwa mwaka mzima?"

"Papa, sisi hatutafutake bomu tu. Tunatafutaka fasi, pahali yenye haina bomu. Bamama banaogopa shamba muzima juu ya bomu moja. Mi nikipita na mashine, nikose kitu, donc kazi imetoka muzuri. Mutu anaweza kulima."

Hayo niliyatafsiri kwa raha. Niliona mama mmoja pembeni anaandika haraka. Ndipo yule bwana akauliza kama, wakipewa mwaka mmoja zaidi, watamaliza yote mawili: njia ya kwenda kwenye chemchemi na shamba la mlimani.

"Njia ya maji, ndiyo. Mulima, hapana, siwezi kuahidi. Mvua ilisukuma udongo, mabomu ilihama. Pengine miaka mbili, pengine tatu."

Nilijua jibu hilo lingeutoa mlima kwenye karatasi zao. Kinywa changu kikafunguka, na kwa Kifaransa safi nikasema kwamba njia ya maji itakamilika, na kwamba kuna matumaini makubwa ya kuumaliza mlima pia.

Nilihisi mkono wake juu ya mkono wangu. Kumbe Kifaransa chake cha shule kilimtosha.

"Dada, hivyo si njo nimesema."

Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto.

"Sema vile nimesema," aliendelea, pole pole. "Kule kwetu nikisema iko matumaini, mutu anaingia kulima. Anakufa."

Nikawageukia, nikawaomba radhi. Nikarudia jibu lake neno kwa neno, na nikaongeza, kwa niaba yangu mwenyewe, kwamba mlima ule ni wa baba yangu. Bwana mwenye miwani aliweka kalamu chini. "Asante kwa kutuambia," akasema, na kikao kikaendelea. Sikuongeza tena hata herufi.

Nje nilijaribu kumwomba msamaha. Alitikisa kichwa. "Hata mi niko nataka ule mulima. Lakini sitauomba na bongo, na uongo." Kisha akaniuliza ni wapi wanauza soksi nene, maana buti zinawachubua watu wake.

Shirika halikuniita tena, na walikuwa na haki. Wiki zilizofuata sikutulia. Nilifungua simu kila kituo cha metro, na mara mbili nilipitiliza nilikokuwa nashuka. Jibu lilikuja mwezi wa tano, katika ujumbe wa mgeni wangu: njia ya maji imekubaliwa, mlima utaangaliwa wakati mwingine.

Baba anaishi Anderlecht, ghorofa ya tisa, na kila ninapoingia huulizia shamba. Siku hiyo nilimweleza yote, pamoja na uongo wangu. Nilisubiri akasirike.

"Bangekubali," alisema, "nani angekanyaga wa kwanza? Batoto ya mudogo yangu." Mdogo wake hakuondoka kijijini.

Kisha akaniomba karatasi. Baba yangu, ambaye kwa miaka yote hajawahi kuzungumza juu ya vita, alianza kuchora: hapa askari walilala, hapa walipitia kwenda kuteka maji, hapa ng'ombe wa jirani alikatika mguu. Nilipiga picha, nikamtumia yule mwanamke siku hiyohiyo.

Ujumbe wake wa sauti ulinifikia kesho yake mchana. "Papa, asante. Hii mustari hapa, ni mutaro ama ni njia?"

Tangu hapo yeye huuliza na baba hujibu, nami nikiwa katikati nimeshika simu, ingawa wote wawili wanaelewana bila mimi. Mlima bado hauna mfadhili. Jumapili iliyopita walibishana karibu nusu saa juu ya jiwe moja kubwa, kama liko upande wa juu wa shamba au wa chini, na baba alikataa katakata kushindwa.