Mkongojo wa Jirani

Mwanamke mmoja mchonga fimbo alikuwa akikagua matawi makavu karakanani, mama mkwe wake akaingia akichechemea.

"Mwanangu, kuna jirani yangu anataka mkongojo."

"Ana kimo gani, Mama?"

"Kama mimi hivi."

Mchongaji akajizuia kucheka. Mkaratusi aliuacha, maana ungemwelemea mzee. Akachagua tawi la mpera lililokaukia kivulini miezi sita, gumu lakini jepesi, halina hata ufa. Akalipima kwenye kifundo cha mkono wa mkwewe, akalikata, akalipiga msasa mpaka likawa laini.

"Mwambie huyo jirani asione haya. Magoti yakimsumbua, aniite nimsindikize."

Mama akauegemea mkongojo.

"Amesikia," akasema. "Haya, funga karakana twende nyumbani."