Mfunga Nyapara

Harufu ya sweta bichi linalokauka kando ya moto hainipi raha kama inavyowapa wengine. Wao wakiinusa hukumbuka uji wa ulezi na blanketi la bibi. Mimi masikio yangu huanza kutafuta mlio wa mnyororo. Hapa Sumbawanga huwezi kuikwepa harufu hiyo, maana baridi ni yetu na mvua ni yetu. Juzi binti yangu alitundika sweta lake la shule juu ya jiko la mkaa, nikamfokea mpaka akalia, maskini, bila kosa lolote. Yeye bado mdogo sana kuelezwa sababu. Ninyi nitawaambia.

Baba yangu alikuwa mtunza boila katika kiwanda cha kukamua alizeti, pembezoni mwa mji, njia ya kwendea Chala. Mwenye kiwanda alikuwa Mzee Hemedi, mtu wa maduka na malori, mswalihina, mwenye sauti ya chini ambayo iliwatisha watu kuliko kelele. Boila lenyewe lilikuwa pipa kubwa la chuma lililolazwa juu ya tanuri la matofali. Maji yalichemka ndani yake, na mvuke ukapita kwenye mabomba kwenda kupasha mbegu kabla hazijakamuliwa. Tanuri lilikula magogo ya mikaratusi na maganda ya alizeti tangu asubuhi, na moshi ukatoka kwa bomba lililokuwa refu kuliko nyumba yoyote mtaani kwetu.

Sasa, moto wa boila una tabia mbaya. Bomba la moshi likivuta sana, moto unapandwa na wazimu na mvuke unazidi. Likivuta kidogo, moto unasinzia na mashine za kukamulia zinasimama. Ndiyo maana nyuma ya boila, juu ya ngazi ya vidato vitatu, kulikuwa na mkono wa chuma wenye mawe ya mizani kwenye ncha yake. Mvuke ukizidi nguvu ulisukuma mkono ule juu, mnyororo ukalegea, na kilango kilichokuwa ndani ya bomba la moshi kikajifunga chenyewe. Moto ukakosa mvuto, ukatulia. Mvuke ukipungua, mawe yaliushusha mkono, mnyororo ukakaza, kilango kikafunguka, moto ukapumua tena. Hakuna mtu aliyekigusa. Wafanyakazi walikiita kifaa hicho Nyapara, kwa sababu kilisimamia kazi mchana kutwa bila kula wala kwenda haja.

Baba alimpenda Nyapara kwa namna iliyomkera mama. Jumapili, akiwa na shati lake la misa, alipitia kiwandani kumtazama, boila likiwa baridi kabisa. Aliniambia kwamba Wafipa tulijua mambo ya mvuto kabla boila halijaletwa: babu zake walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, yaliyojivutia upepo yenyewe bila mtu kupuliza. Fundi yeyote aliyekuja kiwandani alisomewa historia hiyo, apende asipende.

Jambo moja tu lilimtoa baba povu. Watunza boila wavivu walikuwa na mchezo wa kumfunga Nyapara kwa waya, mkono ubaki chini, kilango kibaki wazi, mvuke upande upesi ili waende kuota jua. Baba alimripoti mwenzake mmoja kwa kosa hilo, na yule bwana akafukuzwa kazi. Baadhi ya watu hawakumsalimia baba kwa miezi. "Wasinisalimie," alisema. "Lakini hakuna atakayesema mimi nilimfunga." Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, na hakuwa na nyingine. Hatukuwa na ng'ombe.

Siku ninayoisema ilikuwa ya mwezi wa tatu, mchana, nami nikiwa darasa la tatu. Mvua ya mawe ilinikamata nikitoka shule, na upepo wa kutoka Milima ya Mbizi ukanisukuma njia nzima. Sweta langu lilikuwa jipya. Mama alikuwa ameapa kwamba nikilirudisha limelowa nitaona cha mtema kuni, na mama hakuwa mtu wa kuapa bure. Basi nikapita kwa baba. Watoto hawakuruhusiwa kwenye nyumba ya boila, lakini baba aliniruhusu kukaa juu ya gunia la maganda karibu na mlango wa nje na kufanya hesabu zangu, nisisogee. Siku hiyo alikuwa ametoka kidogo kwenda kuangalia pampu ya maji.

Nilitafuta mahali pa kutundika sweta. Mabomba yalikuwa ya moto mno. Nikapanda vile vidato vitatu, nikaona mkono wa Nyapara umetulia gizani, mrefu, wenye joto zuri, kama uliowekwa pale kwa ajili yangu. Nikalitundika kwenye ncha, juu ya mawe, nikafunga mikono ya sweta fundo moja lisianguke. Nikarudi kwenye gunia langu nikiwa nimeridhika na akili zangu.

Sweta la sufu likinywa maji ni zito. Hilo sikulifikiria.

Baba alirudi, akapangusa uso, akaniuliza kama nimekula. Tukakaa. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba moto ulikuwa na sauti. Kwa kawaida ulinong'ona. Sasa ulikuwa ukinguruma, na mlango wa tanuri ukatetemeka kwenye bawaba zake. Baba akainua kichwa. Alitazama geji ya mvuke, akaigonga kwa ukucha. Sindano ilikuwa karibu na mstari mwekundu.

"Upepo huu," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. Kisha akatega sikio. "Mbona simsikii?"

Alimaanisha mnyororo. Kila siku ulilia taratibu, kwii, kwii, Nyapara akipanda na kushuka. Sasa ulikuwa kimya. Ndipo nikakumbuka sweta. Niliujua mkono ule, niliujua uzito, baba alikuwa amenieleza mara mia: ukiongeza jiwe, Nyapara anachelewa kufunga. Kutoka pale alipokuwa amesimama, mbele ya tanuri, baba hakuweza kuona nyuma. Alidhani kilango kimekwama kwa masizi.

"Sesi, toka nje," aliniambia. "Nenda mpaka barabarani. Usikimbie, lakini nenda."

Hapo vali ya usalama ikaanza kutema mvuke juu ya paa, mara ikapiga yowe ambalo nadhani lilisikika hadi sokoni. Watu wa mashine za kukamulia wakatoka mbio wakipita mvuani, wengine bila viatu. Baba peke yake alibaki. Alivaa glavu, akafungua mlango wa tanuri, akachukua kile chuma kirefu chenye kichwa kama jembe, akaanza kuvuta moto nje, magogo mekundu yakimwangukia miguuni. Alitaka kuunyima moto chakula kabla boila halijapasuka.

Mimi sikwenda barabarani. Niliwaza hivi, na ninayakumbuka mawazo hayo neno kwa neno: nikilitoa sweta sasa hivi, baba hatajua. Nikapita kando ya ukuta, nikapanda ngazi. Kiwandani kulikuwa na desturi ambayo hata mimi niliijua. Hakuna aliyemgusa Nyapara bila kwanza kupaza sauti, "Mlango!" na kungoja aliye mbele ajibu, "Umefungwa!" Sababu ni kwamba kilango cha bomba kikifunga ghafla huku mlango wa tanuri ukiwa wazi, moto hauna pa kwenda ila kwa mtu aliyesimama mlangoni. Nilikuwa nimesikia wito huo mara nyingi kiasi kwamba tuliuigiza shuleni, kwenye mchezo. Lakini kuita kulikuwa sawa na kukiri. Nikafungua fundo kimyakimya, nikavuta sweta.

Mkono uliruka juu. Mnyororo ukaanguka, kilango kikagonga ndani ya bomba, ko! Upande wa pili wa boila nikamsikia baba.

Sitaeleza ule mlio. Nilipozunguka nilimkuta amepiga magoti kwenye matope ya mlango wa nje, mikono ameinyoosha mbele mvuani kama mtu anayeombea kitu, nyusi hazipo. Hakunitazama. Alikuwa anatazama geji kupitia mlangoni, na sindano ilikuwa inashuka. Nyapara alikuwa amerudi kazini, anafunga na kufungua vizuri kabisa. Nikalificha sweta chini ya sketi yangu.

Alilazwa siku nane, mikono imefungwa bandeji kuanzia vidole hadi kwenye viwiko. Aliporudi nyumbani ikawa kazi yangu kumlisha, kumfunga vifungo, kumfungulia milango. Mama alisema, "Ona mtoto anavyompenda baba yake," na mimi nikatamani ardhi inimeze. Usiku sikulala. Nilijiambia kwamba akipona yatakwisha, lakini hayakwisha, kwa sababu Mzee Hemedi alimwita baba ofisini, na mimi nikaenda naye kumshikia mwavuli.

Mzee Hemedi alitukaribisha viti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akizungusha tasbihi mkononi.

"Baba Sesi," alisema, "fundi amekuja kutoka Mbeya. Amempima Nyapara mara tatu. Mzima. Na mimi boila langu lilikaribia kuua watu. Sasa niambie mwenyewe, nisiambiwe na watu. Ulimfunga?"

Baba aliitazama mikono yake. Nilimtazama kidevu chake, ngozi mpya ya waridi imeanza kuota, nikajua kwamba anatafuta maneno ya kukana na kwamba hana. Nikasimama.

"Ni mimi, Mzee," nilisema. "Nilitundika sweta. Halafu nikalitoa, sikuita mlango."

Nililia kwa kwikwi, lakini nilisema yote, na niliposema nilihisi kama mtu aliyetua kuni kichwani. Ilidumu kitambo kidogo tu.

"Msamehe, Mzee," baba alisema. "Mtoto hajalala tangu siku ile, anachanganya mambo. Hakuwepo. Nilimfunga mimi, kwa waya. Mvuke ulikuwa hautoshi."

"Wewe?" Mzee Hemedi alisema. "Wewe uliyemleta mwenzako mbele yangu kwa kosa hilohilo?"

"Mimi."

Mzee Hemedi alinitazama, akaitazama mikono ya baba, akanitazama tena. Mpaka leo sijui alijua nini. Alisema tu kwamba gharama za hospitali atamaliza yeye, na kwamba boila hawezi kumrudishia. Baba akashukuru, tukatoka.

Njiani nilikasirika, ndugu zangu. Hilo ndilo la ajabu. Nilidhani hakuniamini, au ananidharau, na nikamwambia kwa Kifipa, kwa sauti ambayo siku nyingine ingenipatia kofi, kwamba amesema uongo na ni dhambi. Alisimama. Tulikuwa karibu na nyumba ya jirani yetu mmoja, mzee mwenye mvi, mwenye wajukuu, aliyeitwa na mtaa mzima Mchoma Ghala. Alipokuwa na miaka saba alichezea kiberiti, ghala la mahindi la baba yake likateketea.

"Yule jina lake la ubatizo nani?" baba aliniuliza.

"Sijui."

"Na mimi sijui," alisema. "Twende, mvua inakuja."

Sikuelewa. Nilielewa kidogo nilipokuwa msichana, tulipokuwa tumehamia kijiji cha Kate kulima mahindi na ulezi, na vijana kilabuni wakawa wanamtania baba upepo ukivuma: "Mzee, huu nao tuufunge kwa waya?" Alicheka nao. Jina la Mfunga Nyapara lilimfuata toka mjini kama mbwa, likazeeka naye. Nilielewa zaidi nilipopata watoto. Mwenye mikono iliyoungua alijua kwamba jambo lile lazima lipate mwenyewe, na kwamba mji wetu hausahau. Kulikuwa na jina moja linaning'inia hewani, la kuangukia mtu mmoja kati yetu, na mimi nilikuwa na miaka tisa. Alijiwekea yeye, na ili liweze kukaa ilibidi atoe kitu pekee alichojivunia.

Mimi leo naitwa Mwalimu Sesilia. Hakuna anayeniita vinginevyo.

Tulimzika mwaka juzi. Katekista aliposoma jina kwenye msalaba, nilimsikia kijana mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake, "Ndiye nani huyu?" Mwenzake akamjibu, "Si yule Mfunga Nyapara?" Yule akasema, "Aaa, kumbe." Nilikuwa na udongo mkononi. Ningeweza kugeuka. Nikautupa ule udongo, nikanyamaza, kama nilivyonyamaza juu ya ile ngazi.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Severini. Hakumfunga Nyapara hata siku moja.