Hodi Waitu, Chumvi Ipo?

Gari la matangazo lilinikuta Songambele nikiwa shimoni, tope hadi magotini, nafyatua matofali ya mtu. Spika zilikuwa zimefungwa juu yake kwa kamba ya manila, na kijana aliyeshika kipaza sauti alikuwa amekaukiwa koo tangu vijiji vya nyuma. Alisema wanamuziki wa Rweya Jazi wamerudiana. Wale wale wa zamani, Jumamosi mchana, uwanja wa mpira wa Kihanga. Kisha akaachia kipande cha "Nisubiri Omurushaka", na gari likapotelea kwenye vumbi kabla wimbo haujafika pale ninapopapenda mimi.

Mwenzangu wa shimoni, ambaye alizaliwa kaseti zikiwa zimeshakufa, aliniuliza, "Mzee, hao ndio akina nani?"

"Hao walikuwa wanaimba na bibi yangu," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakalia tope. Simlaumu. Lakini wewe uliyekulia upande wetu enzi zile huenda umeshaanza kutabasamu, kwa hiyo nitakusimulia wewe.

Bibi yangu alikaa Nyabiyonza, kwenye kibanja ambacho migomba yake ilikuwa mizito kiasi kwamba mvua ikinyesha ulisikia sauti yake muda mrefu kabla tone halijakufikia. Chini ya migomba ilikuwa mibuni. Wakati wa mavuno uwanja wetu wote ulijaa kahawa juu ya majamvi, na kazi yangu ilikuwa kuigeuza kwa miguu, kutembea nikiburuza nyayo, mistari kwenda na mistari kurudi, huku kuku wakinifuata nyuma. Ile harufu ya kahawa inayokauka, tamu kidogo na chachu kidogo, nimekutana nayo mara nyingi katika kuzurura kwangu, na kila mara nyayo zangu hujikunja ndani ya viatu.

Shule niliiacha mapema. Sikuwa mzito wa kichwa, ila dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na kila gari lililopita liliniachia swali: linatoka wapi, limebeba nini, kwa nini linalia vile. Mwalimu alichoka kunigeuza shingo. Bibi hakuchoka. Kila nilipomjia na maswali alinipa kisu na kusogeza kikapu cha ndizi. "Uliza," alikuwa akisema, "lakini uliza huku unamenya." Kwa hiyo karibu kila ninachokijua nilikipata vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu.

Redio hatukuwa nayo. Redio kaseti ilikuwa ya jirani yetu, mwanamume mmoja mpole aliyesifika kwa kukamua ndizi. Betri zake zikichoka alizianika jamvini kwetu katikati ya kahawa, nami nilizigeuza pamoja na kahawa ili zipate jua pande zote.

Duka lilikuwa moja tu pale senta, na mwenyewe alikuwa mtu wa kuja, kutoka Usukumani. Ndiyo maana hata wazee wetu, ambao nyumbani walisema Kinyambo kutwa nzima, wakifika kwake walivaa Kiswahili kama mtu anavyovaa koti la kwenda kanisani. Bibi alikuwa na Kiswahili chake cha dukani, safi, kilichonyooshwa, na alikichovya katika "waitu", neno letu la heshima, ili mgeni asije akafikiri anaamriwa.

Huyo mwenye duka ndiye aliyeleta Rweya Jazi kwetu. Walikuwa vijana wa Kihanga waliokwenda mjini na magitaa yao, na kaseti yao ya kwanza ilipotoka yeye aliipata kwa dereva wa lori. Kila mtu aliitaka. Basi akabuni njia. Aliweka redio mbili juu ya kaunta, zikatazamana uso kwa uso kama watu wanaonong'onezana. Moja inaimba, nyingine inarekodi. Waya hakukuwa. Alirudisha mlango, akazuia pumzi, akaomba jogoo wa jirani asiwike.

Jogoo alimstahi. Bibi yangu hakuwa na habari.

Nakumbuka siku ile kwa chakula chake. Bibi aliacha ndizi na maharage jikoni, akagundua chumvi imekwisha, akaniambia nikae na moto, yeye anakwenda senta na kurudi. Alichelewa. Nilikuwa naangalia siafu wakihamisha mayai, jambo ambalo lilinishinda kuacha, na aliporudi sufuria ilikuwa inatoa moshi. Tulikula ndizi zenye chumvi nzuri na harufu ya kuungua. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hata mimi nilikuwa na kitu cha kuangalia," na hakueleza ni kitu gani.

Jibu lilikuja na jirani. Siku chache baadaye alikuwa anakamua ndizi kwetu. Kama hujawahi kuona, ndizi mbivu humwagwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa, zinachanganywa na nyasi, kisha mtu ananawa miguu vizuri na kuingia kuzikanyaga mpaka maji yake matamu yanaanza kutoka na povu. Kazi hiyo inataka mwendo. Wengine huimba wenyewe. Jirani yetu alitundika redio kwenye mgomba na kuweka kaseti yake mpya. Miguu yake ikashika mwendo wa gitaa. Nami nilikuwa nasubiri kikombe cha kwanza cha juisi, kile chenye vipande vya nyasi ndani.

Katika "Nisubiri Omurushaka" kuna mahali mwimbaji anamwambia msichana anayemsubiri pale njia panda ya Omurushaka, "Basi likichelewa, usirudi nyumbani," halafu vyombo vyote vinanyamaza. Unasubiri pamoja na msichana. Basi, ndani ya ukimya ule, ikatoka sauti ya mama wa makamo, yenye haraka na adabu:

"Hodi waitu, chumviii ipo?"

Na sauti ya mwanamume, kwa kunong'ona: "Mama, kaa kimya, narekodi."

Na yule mama tena: "Unarekodi nini, nami nina ndizi motoni?"

Gitaa likarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Jirani alisimama mtumbwini, mguu mmoja juu. Bibi alikuwa anachambua maharage, aligeuka kutazama mlangoni kwake, kisha nyuma ya nyumba, akauliza, "Nani huyo ananiigiza?"

Usicheke sana. Kwake lilikuwa jambo la aibu. Alikuwa mwanakwaya wa Kilutheri, sauti ya pili, na sasa sauti hiyo ilikuwa ndani ya muziki wa dansi, katikati ya habari za msichana anayesubiri mwanamume njia panda. Kanda ya asili ilikuwa imeshatafunwa na redio ya dukani, kwa hiyo kila nakala iliyofuata ilitoka kwenye ile yenye chumvi, na kila nakala ikazaa nyingine. Watoto walimbishia hodi bibi toka vichakani. Kwa muda alizunguka kwa njia ya bondeni ili asipite senta.

Aliyemtoa katika aibu ni mzee wa kanisa. Jumapili moja, baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama nje, alimsalimia bibi kwa taratibu zote, akamuuliza habari za kahawa, habari za migomba, kisha akainamisha kichwa na kuuliza kwa uso usio na hata chembe ya mzaha, "Na ile chumvi, mama, mwishowe uliipata?"

Bibi akanishika bega akanisogeza mbele. "Muulize mjukuu wangu," akasema. "Yeye ndiye aliyekula."

Uwanja mzima wa kanisa ulicheka, na yeye akacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo hakuzunguka tena. Aliniambia pia kwamba alichelewa kwa sababu alisubiri mpaka wimbo ukaisha. Alikuwa hajawahi kusikia gitaa likilia karibu namna ile, na aliona ni vibaya kuomba chumvi mara ya pili.

Miguu yangu ilipoanza kuniwasha nilikwenda na nakala moja mfukoni. Nimechimba madini ya bati Kyerwa, nimepakia kahawa, nimechunga ng'ombe wa watu kwenye nyika ambako unaona mvua ya kesho ikitembea. Huko nyikani, kwa familia moja ya wafugaji, jioni ya kwanza nilimsikia mama wa boma akiita kizizini, "Hodi waitu, chumvi ipo?" Alikuwa anawapelekea ng'ombe chumvi ya kulamba, na kwao ndivyo ilivyosemwa. Nikamwambia hayo ni maneno ya bibi yangu. Alinitazama kwa huruma, akaniongezea maziwa.

Kaseti ile ilipotea katika kuhama kwangu, sijui nyumba ipi, sijui lori lipi. Bibi akafariki, tukamzika chini ya migomba yake. Picha yake ipo moja. Sauti yake haikuwa popote. Nilipopata simu nilitafuta wimbo, nikaupata, mzuri, umesafishwa mjini kutoka kwenye kanda ya studio. Nikausikiliza nimesimama. "Usirudi nyumbani," akasema mwimbaji. Halafu kimya. Kimya safi kabisa, kisicho na mtu ndani.

Sijausikiliza tena kwenye simu. Kwa hiyo utaelewa kwa nini, nikiwa kwenye pikipiki ya kwenda Kihanga Jumamosi ile, nusu yangu ilitaka kumwambia dereva ageuze. Wimbo nilikuwa naujua kwa moyo. Nilichoogopa ni ule ukimya, kuusikia mbele ya watu wote na kukubali kwamba sasa ni mtupu.

Uwanja ulijaa. Wakulima walikaa na wakulima, wafugaji wakasimama na fimbo zao pembeni, akina mama waliuza karanga na ndizi za kuchoma. Rweya Jazi walipanda jukwaani polepole. Mwimbaji amekuwa na tumbo na kofia. Mpiga solo anavaa miwani na kulitazama gitaa kama mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. Lakini walipoanza, vidole vilikuwa vile vile. Watu wazima walicheza wakiwa wameshika viatu mkononi. Na mimi nilicheza, mpaka muuza karanga nyuma yangu akasema, "Baba, ama ununue ama usogee, umenizibia wateja." Nikanunua, nikasogea.

Kisha ukaja wimbo wenyewe. Nilisimama. Mikono ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili. "Basi likichelewa, usirudi nyumbani."

Vyombo vikanyamaza.

Na uwanja wa Kihanga, wakulima na wafugaji, akina mama na karanga zao, wote kwa pamoja, ukasema: "Hodi waitu, chumviii ipo?"

Waliisema kama bibi. Hawakuisema kwa sauti zao. Walivuta ile "chumvi" pale pale alipoivuta, ikapanda kidogo mwishoni kama mtu anayechungulia dukani. Waliipata kwake mwenyewe, kwenye kaseti, siyo kwa kuambiana. Upande wa wafugaji ukajibu kwa kunong'ona, "Mama, kaa kimya, narekodi," na wengine wote wakamaliza habari ya ndizi motoni, kisha wakasubiri gitaa.

Gitaa halikuja. Mpiga solo alikuwa amevua miwani. Rweya Jazi walitazamana. Wao waliimba wimbo huu miaka yote kwa watu wa mjini, hawakuwa wamewahi kuisikia kaseti yetu. Mwimbaji alisogeza kofia nyuma.

"Nani anaomba chumvi kwenye wimbo wangu?"

Watu walikaribia kuanguka kwa kicheko. Wakamweleza, wote kwa mpigo: duka, redio mbili, mama. Mwanamume mmoja mwenye fimbo alisema mama huyo alikuwa wa kwao Kyerwa. Muuza karanga wangu akakataa, "Kyerwa gani? Huyo ni shangazi yake mama yangu, sisi tulikuwa tunamjua." Kulikuwa na wengine waliomdai. Zamani ningebishana. Siku ile niliwasikiliza wanavyomgombania, na kila aliyejidai kuwa ndugu yake niliona ananiongezea ukoo.

Mwimbaji akainua mkono mpaka pakatulia. "Haya. Niambieni basi kitu kimoja. Huyo mama, chumvi aliipata?"

Yule wa Kyerwa alitazama fimbo yake. Kwenye kaseti gitaa linarudi pale pale, na hakuna anayejua zaidi ya hapo.

"Aliipata," nikasema. Sikupaza sauti, lakini ilifika jukwaani. "Alisubiri wimbo uishe kwanza. Ndizi zikaungua."

Muuza karanga alinigeukia. "Na wewe umejuaje?"

"Nilizila."

Akachota karanga nyingine akaniwekea mkononi, na gitaa likaingia.

Duka lile siku hizi linauza vocha na vioo vya simu, na chumvi huja kwenye pakiti, haipimwi tena kwa kikombe. Mtumbwi wa jirani ulioza nje bila kufunikwa. Kibanja kinalimwa na binamu zangu, nao wananipa mkungu kila nikipita. Sina nyumba ya kuonyesha kwa kuzurura kwangu kote. Lakini nilisimama katikati ya umati ule nikitafuna karanga, na bendi ilipoombwa kurudia wimbo, ilipofika pale, safari hii mwimbaji mwenyewe alishusha kipaza sauti, akakielekeza kwetu, akasubiri yule mama aingie.