Heshima ya Chupa Nzima

Fundi wa AC za magari, ambaye mtaani walimwita Barafu, hakuchoka kuwahubiria wenzake: mafuta ya kompresa hupimwa, hayakisiwi. Yakipungua, kompresa husagika; yakizidi, ubaridi hupotea.

Siku alipobadilisha kompresa ya gari la mama mkwe wake, heshima ikampanda kichwani. Akaona kipimo cha kawaida ni cha wateja wa kawaida. Akamimina chupa nzima.

Kesho yake mama mkwe akarudi gereji, jasho likimtiririka.

“Mkwe wangu, hii AC inanipumulia kama mbuzi mgonjwa!”

Barafu alilijua kosa kabla ya kufungua boneti. Ulimi ulitaka kuisingizia gesi, lakini aibu ikamwahi.

“Mama, nimezidisha mafuta. Nilitaka kukupendelea.”

“Basi siku nyingine nichukie kidogo,” mama mkwe akasema, akacheka hadi akakalia tairi.

Barafu naye akacheka, maana angefanya nini? Akatoa gesi, akamwaga mafuta yote, akapima mapya kwa kikombe chenye mistari, akajaza gesi tena, huku akijihubiria kwa sauti mahubiri yake mwenyewe. Upepo ukatoka wa baridi. Mama mkwe akaondoka na simu sikioni, tayari akimsimulia binti yake.