Ukitoka Chini ya Ziwa, Usipande Mulima Siku Hiyo

Nakumbuka siku moja ya kongé, ya kupumzika kazi, mwanangu, nilitaka kufika kwa bopere, baba mukwe wangu, na pantalo ya kupigwa pasi, na kidogo tu wangenifikisha ndani ya sanduku ya maiti. Nakuelezea juu nimesikia munajipanga kuzama ziwani jumamosi asubui na zile chupa za hewa mugongoni, kiisha mangaribi ile ile mupande gari kwenda kula fromaji, ile jibini, kule juu milimani Mushaki. Kaa chini kwanza.

Wakati ule nilikuwa dereva wa kamioneti, nguvu mingi, akili kidogo. Masomo niliacha katikati ya sekondari; fizike naikumbuka kwa fimbo zake tu. Papa Kasereka, muzee wa Butembo aliyepiga mbizi miaka mingi, alikuwa ananifundisha kuzama. Asubui ile tulizama mara mbili. Ile ya pili mimi njo niliomba, juu kulikuwa wadada wanafua nguo kwenye mawe, na nilitaka wanione natoka majini sawa mamba. Waliona miguu ya korongo ndani ya nguo ya mupira. Walicheka mpaka sabuni yao ikaenda na maji.

Tulipovua vyombo, Papa Kasereka akaniambia: "Leo hakuna kupanda mulima. Unalala hapa Goma."

"Papa, ni Kibati tu! Wazazi wa muchumba wangu wananingoja kule saa tisa, naenda kujionyesha."

"Kibati iko juu. Wewe dereva, bidoni tupu ya mafuta ukiifunga hapa Goma, ukifika nayo kule kwenye milima inafanya nini?"

"Inavimba tumbo."

"Sasa bidoni ni wewe. Hewa uliyovuta kule chini imeingia mpaka kwenye damu. Ukiipa wakati, inatoka polepole. Ukipanda mbio, inafanya mapovu ndani ya viungo."

Nikajibu, "Ndiyo, Papa." Ile ndiyo ya dereva kwa polisi wa rulaji, wale wa barabarani, unaijua.

Nikaenda mutaa wa Mapendo kumubeba muchumba wangu Furaha, na kitenge chake kipya, na kitunga ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, magotini. Tukatoka muji, barabara ikaanza kupanda. Bega likaanza kuuma sawa jino. Kiisha goti. Ngozi ikawasha, kichwa kikazunguka.

Na hapa, mwanangu, ujinga wangu ulikuwa wa Goma kabisa. Sisi tangu utoto tunaogopa mazuku, ile hewa mubaya inayolala kwenye mashimo ya mawe ya volkano. Mazuku inakaa chini. Ukisikia kizunguzungu, unakimbilia juu. Basi nikafikiri ni mazuku. Nikakanyaga gazi, tupande zaidi!

Furaha akaniangalia. "Mbona umekunja uso sawa mutu amekula ndimu?"

"Ni mazuku. Tupande haraka."

"Mazuku gani ndani ya gari inatembea, madirisha wazi? Na mimi je? Mbona mimi sisikie kitu?"

Akauliza nilifanya nini asubui. Nikamwambia, ata habari ya wadada. Akatoa simu, akamwita Papa Kasereka, na sauti ya yule muzee ikajaza gari: "Murudishe chini sasa hivi! Asiendeshe, alale! Mukutane na mimi hospitali!"

Nikajaribu: "Furaha, wazazi wanangoja. Wamechinja mbuzi."

"Wanangoja bwana-arusi, hawangoje maiti. Hama!"

Akashika usukani. Alijua vitesi viwili tu, gia ya kwanza na ya pili, na vyote vililia mpaka Goma. Mimi nililala nyuma, vidole vya miguu nikavichezesha njia yote, kuona kama vingali vyangu.

Hospitali wakanilaza, wakaniwekea oksijeni, na sikutoka pale mpaka siku ya pili. Dokta akasema wengine wanabakia na miguu iliyokufa. Kile chumba cha hewa ya kufinywa, kinachoponesha ugonjwa huu, hakikuwa karibu na sisi. Kama ningezidiwa, wangenitafutia ndege, na ndege nayo inapanda juu! Papa Kasereka hakunigombeza. Alikaa pembeni ya kitanda, akauliza tu: "Asubui niliongea na nani?" Mpaka leo lile swali linaniuma kuliko bega.

Sasa sikiliza, na usibadilishe ata neno moja. Ukizama jumamosi, jumapili unashinda hapa hapa kando ya ziwa: unakunywa maji mingi, pombe unaiacha. Munapanda jumatatu. Mwalimu wako akisema mungoje zaidi, mungoje zaidi. Usiniambie Mushaki ni karibu, usiniambie unajisikia muzuri. Mimi pia nilijisikia muzuri mpaka Kibati. Na kama maumivu yamekukamata njiani, acha usukani, wenzako wakuteremushe chini, ulale, muende hospitali muombe oksijeni, na sema waziwazi: nilizama na chupa za hewa. Usifiche kwa kuona haya. Fromaji itakungoja, hata ikioza tutanunua ingine.

Mungu akulinde ukiwa chini na ukiwa juu, akuachie miguu yako yote miwili, na akupe kinywa kisichoogopa kusema: nitafika kesho.