Nani Huanza Kwenda kwa Mwenzake

Nakumbuka Jumapili moja ya miaka ya tisini, kijijini kwetu Kitahana, nimekaa mbele ya mtungi wa pombe ya mtama nikisubiri baba ashike mrija. Kwetu msafiri haagwi kwa maneno matupu. Mzazi akivuta kwanza, umeruhusiwa. Asipovuta, fungua mzigo wako. Nami mzigo nilishaufunga, mwanangu, maana nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Beijing kusomea siasa za China na uhusiano wake na nchi nyingine.

Baba aliutazama mrija tu. Akaniuliza, "Wachina wakikosana na jirani yao, nani huanza kwenda kwa mwenzake?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Yeye na mdogo wake wa kijiji cha Busunzu walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Lakini mimi, na digrii yangu mbichi, nikaanza kumhubiria habari za nguvu na masilahi ya mataifa.

"Sikukuuliza nani ana nguvu, mwana wanje," yaani mwanangu, akanikatiza baba. " Nimeuliza nani anaanza."

Niliona aibu, shangazi zangu wote waliokuja kuniaga wananitazama. "Sijui, baba."

Ndipo akavuta. "Basi nenda. Niliogopa unaenda na majibu tayari."

Nimefundisha siasa hizo za China mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na swali lile ndilo lililonilisha. Niliporudi likizo ya kwanza nilimpa jibu nililoliona katika habari za mikutano ya Wachina na jirani zao: mara nyingi huanza yule mwenye shida zaidi, halafu husema ameitwa. Baba alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake akachukua fimbo, akaenda Busunzu kwa miguu, nami nyuma yake. Baba mdogo akamuuliza kilichomleta.

"Si umeniita?" akajibu baba, bila hata chembe ya haya.

"Ndiyo, nilikuita," akasema baba mdogo, akamsogezea kigoda.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kusomea nchi za watu, ondoka na swali la nyumbani, na usione haya kusema hujui. Na kama kuna mtu unayemngoja aanze, usingoje digrii, nenda leo. Mungu akufungulie njia, upokewe vizuri huko uendako, na ukirudi uwakute waliokuaga bado wanasalimiana.